Kuziba ufa katika huduma za mtandao: Mafunzo kwa Lodwar na Kakuma

KATIKA kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992 kuwapokea waliokuwa wakikimbia vita nchini Sudan, mojawapo ya huduma zinazothaminiwa mno ni ile ya kuwatafuta jamaa waliopotezana. Mkimbizi hufika kwa wahudumu wa Msalaba Mwekundu akataja jina lake, jina la mzazi au mtoto anayemtafuta, kijiji walikotoka na mahali walipoonana mara ya mwisho. Maelezo hayo ni amana. Yakiwafikia waliomfukuza kwao, yanaweza kuyahatarisha maisha yake na ya jamaa zake waliobaki nyuma.

Mnamo Januari 18, 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC), yenye makao makuu mjini Geneva, ilithibitisha kwamba wadukuzi walikuwa wameingia katika seva zilizohifadhi maelezo ya aina hiyo hiyo kutoka pembe mbalimbali za dunia. Walioathirika walikuwa watu zaidi ya 515,000: waliopotea, waliotenganishwa na familia zao kwa vita, uhamaji au majanga, na waliozuiliwa. Maelezo yao yalikuwa yamekusanywa na angalau vyama 60 vya kitaifa vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu.

Uchunguzi ulibaini kuwa wadukuzi waliingia Novemba 9, 2021, siku 70 kabla ya kugunduliwa. Walipitia ufa katika programu ya kampuni ya Zoho inayowawezesha wafanyakazi kubadilisha maneno yao ya siri. Ufa huo ulimruhusu mtu aliye mbali kuingia bila kuulizwa chochote. Hata hivyo, dawa ilikuwepo: kampuni hiyo ilikuwa imetoa kiraka cha kuuziba mnamo Septemba 2021. ICRC yenyewe ilikiri hadharani kuwa haikuwahi kukiweka kiraka hicho kabla ya shambulio.

Seva zilizoshambuliwa zilikuwa Uswisi, mbali na Turkana. Lakini somo lake linagusa kila ofisi ya Lodwar na Kakuma inayohifadhi majina ya watu katika tarakilishi. Ufa hauzibwi siku kiraka kinapotangazwa. Huzibwa siku kinapowekwa katika tarakilishi ya mwisho yenye ufa huo. Muda ulio kati ya siku hizo mbili ndio uwanja wa mdukuzi, na katika sehemu zenye intaneti haba na umeme usiotegemeka, uwanja huo huwa mpana zaidi.

Huduma ya mtandao ni nini?

Tarakilishi iliyounganishwa na mtandao haikai bure. Hata pasipo na mtu aliyeketi mbele yake, zimo ndani yake programu zinazofanya kazi chinichini zikingoja kuitwa. Moja hutoa faili kwa tarakilishi nyingine za ofisi, ya pili hupokea nyaraka za kuchapishwa, na ya tatu humwezesha fundi aliye mjini Eldoret au Nairobi kuiendesha tarakilishi ya Lodwar kana kwamba ameketi mbele yake. Programu hizo ndizo zinazoitwa huduma za mfumo.

Kila huduma husubiri kwenye mlango wenye namba yake. Huduma ya kugawana faili katika Windows hutumia mlango namba 445. Ile ya kuendesha tarakilishi kutoka mbali hutumia namba 3389. Seva nyingi za Linux humpokea fundi wake kupitia mlango namba 22.

Ufa hutokea pale huduma inapopokea ujumbe ambao aliyeiandika hakuutarajia. Mfano wa haraka ni wa fomu ya ofisini. Tuseme karani amepewa fomu yenye visanduku 20 vya kuandikia jina la mteja, na chini yake pana mstari ambao mkubwa wa ofisi huandikia amri. Mteja akileta jina la herufi 40, na karani akalinakili lote bila kuhesabu, herufi za mwisho zitaangukia kwenye mstari wa amri. Afisa atakayeipokea fomu ataisoma amri hiyo na kuitekeleza, akidhani imetoka kwa mkubwa. Karani hakukusudia uovu wowote. Kosa lake ni kutohesabu.

Si nyufa zote zilizo sawa kwa hatari. Ufa wa kutisha zaidi ni ule wenye sifa tatu kwa pamoja: unafikika kupitia mtandao, hauhitaji neno la siri, na umo katika huduma inayoendeshwa kwa mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Katika hali hiyo, mtumiaji hahitaji kubonyeza kiungo cha hila wala kufungua barua pepe ya kilaghai ili adhurike. Inatosha kwamba tarakilishi imewashwa na mlango wake uko wazi.

Mbio kati ya kiraka na mshambulizi

Mnamo Novemba 2, 1988, Robert Tappan Morris, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachilia programu iliyojinakili yenyewe kutoka tarakilishi moja hadi nyingine. Mojawapo ya njia zake ilikuwa huduma ndogo iliyotoa habari za watumiaji. Huduma hiyo ilikuwa imetenga nafasi ya baiti 512 kwa kila ombi. Programu ya Morris ilituma 536. Inakadiriwa kuwa tarakilishi 6,000 hivi zilitatizika wakati ambapo mtandao mzima ulikuwa na takriban 60,000. Ni baada ya tukio hilo ambapo kituo cha kwanza cha kushughulikia dharura za tarakilishi kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Vituo vingi vya kitaifa vya leo, kikiwemo cha Kenya, vinafuata mfano wake.

Tangu hapo, historia imekuwa ikijirudia. Mnyoo uliopewa jina la Slammer ulizuka Januari 25, 2003, ingawa kiraka chake kilikuwa kimetolewa miezi sita kabla. Ulizifikia asilimia 90 ya seva zenye ufa huo katika muda wa dakika 10. Blaster ulifuata Agosti 11, 2003, siku 26 baada ya kiraka. Sasser ulizuka Aprili 30, 2004, siku 17 tu baada ya kiraka.

Mbona mashambulizi huja baada ya dawa kutolewa? Jibu ni kwamba kiraka chenyewe ni tangazo. Wadukuzi hukichukua, wakalinganisha programu ya zamani na mpya, wakaona ni mstari gani uliorekebishwa, na hapo wakajua ufa ulipokuwa. Siku ya kutolewa kwa kiraka ndiyo siku saa inapoanza kuhesabu dhidi ya yule ambaye hajakiweka.

Mfano uliotikisa dunia ni wa 2017. Machi 14 mwaka huo, kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha huduma yake ya kugawana faili. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 14, kundi lililojiita Shadow Brokers lilianika hadharani zana ya kuutumia ufa huo, iliyoaminika kuibwa kutoka kwa Shirika la Usalama wa Kitaifa la Marekani (NSA). Mei 12, siku 59 baada ya kiraka, programu ya WannaCry ilianza kuenea. Ilizifunga faili kwa fumbo na kudai fidia ya dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin. Tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika.

Waliumia sana wagonjwa. Nchini Uingereza, ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza kuwa angalau taasisi 81 kati ya 236 za afya ya umma katika eneo la England zilitatizika, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Kwa hospitali yoyote inayotunza rekodi zake katika tarakilishi, ikiwemo ya rufaa ya Kaunti ya Turkana mjini Lodwar, tukio hilo ni onyo kwamba ufa katika huduma ya kugawana faili unaweza kuishia kwenye mlango wa chumba cha upasuaji.

Maersk na seva ya Ghana

Juni 27, 2017, siku 105 baada ya kiraka kile kile, shambulio jingine lililopewa jina la NotPetya lilianzia Ukraine kupitia programu ya uhasibu na kusambaa duniani. Kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark ilikuwa miongoni mwa walioumia vibaya. Mwenyekiti wake wa wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alisema Januari 2018 kuwa kampuni hiyo ililazimika kuweka upya seva 4,000 na tarakilishi 45,000 katika muda wa siku 10. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Maersk iliujenga ukuta wote upya.

Kilichoiokoa kampuni hiyo kinastahili kukumbukwa Turkana. Seva zake karibu 150 zilizotunza majina na ruhusa za watumiaji zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, hivyo zote zikafutwa pamoja. Ilibaki moja tu, nchini Ghana, ambayo ilikuwa imezimika kwa kupotea kwa umeme kabla ya shambulio. Intaneti ya huko ilikuwa nyembamba mno kiasi kwamba kuituma nakala hiyo hadi Uingereza kungechukua siku kadhaa. Ikabidi diski ibebwe kwa ndege, ikikabidhiwa mtu mwingine nchini Nigeria njiani, kwa kuwa wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba nakala ya akiba iliyounganishwa na mtandao saa zote si akiba, kwani huangamia pamoja na asili yake. La pili ni kwamba kiraka peke yake hakitoshi. NotPetya ilipoingia katika tarakilishi moja isiyo na kiraka, iliiba maneno ya siri yaliyokuwa humo na kuyatumia kuingia hata katika zile zilizokuwa na kiraka.

Kwa nini muda hurefuka Lodwar na Kakuma

Lodwar, mji ulio kando ya Mto Turkwel, ndio makao makuu ya Kaunti ya Turkana tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 katika kaunti hiyo. Mjini humo zimo ofisi za serikali, hospitali ya rufaa, benki na Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana. Kakuma iko umbali wa kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi, kwenye barabara ya kuelekea Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Kambi hiyo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina wakimbizi zaidi ya 200,000.

Maisha huko yameshikamana na mtandao kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianzisha Kakuma mpango wa Bamba Chakula, uliowapa wakimbizi sehemu ya mgao wao kwa njia ya simu ili wanunue chakula madukani. Baadhi ya shule za kambini zimeunganishwa na intaneti chini ya mradi wa Wakfu wa Vodafone na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR). Saiba zipo, wakala wa M-Pesa wapo, na vijana hujisomea masomo ya vyuo vya mbali.

Lakini kufika kwa kiraka ni jambo jingine. Kwanza ni upana wa njia ya intaneti. Hebu tuchukue mfano wa ofisi yenye tarakilishi 20 na muunganisho wa megabiti 2 kwa sekunde, na sasisho lenye ukubwa wa megabaiti 500. Tarakilishi moja itahitaji takriban dakika 33 kulipakua, iwapo hakuna mwingine anayetumia njia hiyo. Zote 20 zikilipakua kila moja kivyake, itachukua zaidi ya saa 11. Siku nzima ya kazi itakuwa imepotea, na mkubwa wa ofisi ataamuru masasisho yazimwe ili kazi iendelee.

Pili ni gharama. Ofisi nyingi ndogo huunganishwa kwa bando la simu. Windows ina mpangilio wa muunganisho unaolipiwa kwa kipimo, ambao huzuia masasisho mengi yasipakuliwe. Aliyeuwasha ili kuokoa bando mara nyingi husahau, na miezi ikapita tarakilishi ikiwa haijapokea chochote. Skrini haitamwonyesha tofauti yoyote.

Tatu ni umeme. Kwa miaka mingi Lodwar ilitegemea jenereta za dizeli, na Kalobeyei inahudumiwa kwa gridi ndogo za nishati ya jua. Sasisho linalokatizwa katikati na kupotea kwa umeme linaweza kuiacha tarakilishi isiwake tena. Fundi aliyepatwa na mkasa huo mara moja huogopa masasisho kuliko anavyoogopa wadukuzi.

Nne ni umri wa mitambo. Tarakilishi nyingi za shule na mashirika katika sehemu kame ni za msaada, zikiwa zimetumika kwingine. Microsoft iliacha kutoa viraka vya kawaida vya Windows XP Aprili 8, 2014, vya Windows 7 Januari 14, 2020, na vya Windows 10 Oktoba 14, 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa kuongezewa muda. Mtambo usiopokea viraka tena ni nyumba ambayo fundi wake amehama: ufa mpya ukitokea, hakuna wa kuitwa.

Ni kweli kwamba hali inabadilika. Mradi wa barabara ya kuelekea Nadapal uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulijumuisha ulazaji wa nyaya za faiba, na huduma ya setilaiti ya Starlink iliingia Kenya Julai 2023. Hata hivyo, njia pana ni ya wote. Kasi inayokileta kiraka ndiyo hiyo hiyo inayomleta mdukuzi.

Hatua za kuziba ufa

Onyo la ufa mkubwa linapotolewa, wataalamu wa usalama wa mitandao hufuata utaratibu ambao hata ofisi yenye fundi mmoja inaweza kuumudu.

1. *Kujua kilichopo.* Orodha iandikwe ya kila tarakilishi, seva, ruta na mashine ya kuchapisha: aina yake, toleo la mfumo wake, mahali ilipo na mtu anayeishughulikia. Tarakilishi iliyosahaulika katika stoo, ikiwa imewashwa, ndiyo huwa mlango.

2. *Kufunga mlango kwanza.* Ikiwa kiraka hakiwezi kuwekwa leo, huduma yenye ufa izimwe au mlango wake uzuiwe kwenye ruta na katika ukuta wa kinga wa kila tarakilishi. Toleo la kwanza la huduma ya kugawana faili, lililotumiwa na WannaCry, halihitajiki katika ofisi nyingi na linaweza kuzimwa bila kuathiri kazi. Milango namba 445 na 3389 haifai kamwe kuachwa wazi kwa intaneti nzima. Hatua hii haihitaji bando wala kasi.

3. *Kuweka nakala ya akiba.* Faili muhimu zinakiliwe kwenye diski ya nje, kisha diski ichomolewe na kufungiwa kabatini. Kisa cha Ghana kinaeleza sababu.

4. *Kupakua mara moja.* Badala ya kila tarakilishi kwenda Nairobi au ng'ambo kutafuta kiraka kile kile, kipakuliwe na moja tu usiku, kisha kigawiwe kwa zingine kupitia mtandao wa ndani. Windows 10 na 11 zina mpangilio unaoziwezesha tarakilishi za ofisi moja kugawiana masasisho. Katika mfano wa ofisi ya tarakilishi 20, saa 11 zitapungua kuwa dakika 33 za intaneti.

5. *Kutumia flashi kwa uangalifu.* Kituo kisicho na intaneti kinaweza kupelekewa kiraka kwa flashi, kwani Microsoft ina hazina ya wazi ya masasisho yanayopakuliwa kama faili. Lakini flashi ina historia yake. Mnyoo wa Conficker, uliozuka Novemba 2008 chini ya mwezi mmoja baada ya kiraka, uliongezewa Desemba uwezo wa kuenea kwa flashi na hivyo kuzifikia hata tarakilishi ambazo hazikuwa na intaneti. Flashi ya kubebea viraka itengwe kwa kazi hiyo pekee, na uwezo wa programu kujifungua zenyewe kutoka kwenye flashi uzimwe.

6. *Kujaribu, kuweka, kuwasha upya.* Kiraka kianze na tarakilishi moja isiyo ya lazima. Ikiwa salama, zifuate zingine, wakati betri au umeme ni wa uhakika. Viraka vingi vya huduma za mfumo havianzi kufanya kazi hadi tarakilishi izimwe na kuwashwa upya. Mtumiaji anayefunika tu kifuniko cha kipakatalishi jioni na kukifunua asubuhi anaweza kuwa na kiraka kilichopakuliwa wiki tatu zilizopita ambacho bado hakijafanya kazi.

7. *Kuhakikisha.* Toleo la programu lisomwe na kulinganishwa na lile lililotajwa katika onyo. Kisha mtandao uchunguzwe kutoka nje ili kuona ni milango ipi iliyo wazi. Neno la fundi kwamba "imeshafanyiwa" si thibitisho.

8. *Kuchunguza kama mwizi alishaingia.* Kiraka huzuia anayekuja. Hakimtoi aliyekwisha kuingia. Daftari la kumbukumbu la seva likaguliwe tangu siku onyo lilipotolewa, akaunti zisizojulikana zifutwe na maneno ya siri yabadilishwe.

Ruta na seva zisizoonekana

Watu wanapozungumza kuhusu usalama hufikiria tarakilishi ya mezani. Kifaa kinachosahaulika zaidi ni ruta, ingawa ndicho kilicho mbele kabisa. Ruta za kampuni ya MikroTik ya Latvia hutumiwa sana na watoaji wadogo wa intaneti katika Afrika Mashariki kwa kuwa ni za bei nafuu na imara. Mnamo Aprili 2018 kampuni hiyo ilitoa kiraka cha ufa katika huduma ya kusimamia ruta kutoka mbali, ufa uliomwezesha mgeni kusoma faili ya majina na maneno ya siri. Kufikia Agosti mwaka huo, maelfu kwa maelfu ya ruta ambazo hazikuwa zimerekebishwa, kuanzia Brazil, zilikuwa zimegeuzwa kuwachimbia wadukuzi sarafu za kidijitali. Aliyeweka kiraka bila kubadilisha neno la siri alikuwa amebadilisha kufuli na kumwachia mwizi ufunguo.

Hata mifumo ya Linux, inayosifiwa kwa usalama na ambayo huendesha seva nyingi za shule na mashirika, haijaepuka. Julai 1, 2024, kampuni ya Qualys ilitangaza ufa katika huduma ya OpenSSH uliomwezesha aliye mbali, kwa subira na majaribio mengi, kupata mamlaka ya juu kabisa. La kushangaza ni kuwa ufa huo ulikuwa umezibwa mwaka 2006, kisha ukarudishwa bila kukusudia katika marekebisho ya Oktoba 2020. Ukaguzi, kwa hivyo, haufanywi mara moja tu.

Sheria inasemaje

Kituo cha kitaifa cha kushughulikia dharura za mitandao, KE-CIRT/CC, kimo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na hutoa tahadhari kuhusu nyufa mpya pamoja na kupokea ripoti za mashambulizi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamtaka anayeendesha mfumo wa tarakilishi, wa umma au wa kibinafsi, kuripoti shambulio kwa kamati ya kitaifa husika katika muda wa saa 24. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka Kamishna wa Data aarifiwe katika saa 72 iwapo maelezo ya watu yamefikiwa na wasioruhusiwa na kuna hatari ya wao kudhurika.

Fundi kijana anayetaka kujifunza kazi hii hana budi kukumbuka jambo moja. Sheria hiyo ya 2018 inamwadhibu anayeingia katika mfumo wa mwingine bila idhini kwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kuichunguza milango ya ofisi jirani ili "kuwasaidia" bila kibali cha maandishi kunaweza kumfikisha mahakamani.

Nani mwenye jukumu

Katika visa vingi vilivyotajwa, kiraka kilikuwepo na kilitolewa bila malipo. Kilichokosekana ni mtu aliyepewa jina, muda na mamlaka ya kukiweka. Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi. Ofisi inaweza kuitenga Jumatano au Alhamisi inayofuata kuwa siku ya kuvipakua usiku, Ijumaa ya kuviweka, na Jumatatu ya kuhesabu ni tarakilishi ngapi zimebaki. Hesabu hiyo iwekwe mezani mwa mkubwa wa ofisi pamoja na ripoti ya fedha, kwani anayelipa bando ndiye anayeamua kama masasisho yatapakuliwa au yatazimwa.

Mkimbizi anayelitaja jina la mwanawe mbele ya tarakilishi mjini Kakuma, au mgonjwa anayesajiliwa katika hospitali ya Lodwar, hawezi kujua kama tarakilishi hiyo ina kiraka. Anayeweza kujua ni yule aliyeketi upande wa pili wa meza, na fundi wake aliyeandika kwenye daftari kwamba ya mwisho iliyokuwa imebaki imezibwa, na siku gani.